Wakosaji wa Mteremko wa Shule

Mgeni aliingia kituoni akiwa amelowa mgongo mzima, na Sajenti Orikasa Mitsue akajua papo hapo kwamba si mtu wa Shirabetsu. Watu wa Shirabetsu wakiteleza kwenye barafu huangukia ubavu na kusimama kabla hawajaonekana. Huyu alikuwa ameanguka chali, tena si mara moja, na miguuni alivaa viatu vya turubai.

"Polisi wa barabarani ni hapa?"

"Ni hapa. Funga mlango, bwana, usogee kwenye jiko. Ukizubaa hapo utagandia."

Alifunga, akasogea, akaweka kisanduku kwenye kaunta kwa mikono miwili, kisha akainama. "Naitwa Anzai Naoto. Nimetoka Okinawa. Yule aliyegongwa kwenye mteremko wa shule ni mama yangu. Hii ni sukari guru ya kwetu."

"Pole sana. Ila hatupokei zawadi."

"Basi naiweka tu hapa."

"Ukiiweka ndiyo nimepokea."

Nyuma ya bakuli la tambi, Inspekta Tarumi, mkuu wa kitengo, alicheka puani. "Mwambie aile mwenyewe, Orikasa. Amepauka kama tofu."

Mji mzima ulijua kwamba Bibi Anzai Kinu ana mtoto wa kiume huko kusini, lakini hakuna aliyewahi kumwona. Kila asubuhi ya majira ya baridi bibi huyo husimama kwenye mteremko wa shule na bendera yake ya njano, akawavusha watoto, akamwaga mchanga kutoka kwenye sanduku la kijani lililo pembeni. Ijumaa iliyopita, watoto wakiwa wameshavuka, kigari cheupe kiliteremka kikamvunja nyonga. Dereva wake, Hachiya Renji, mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa, alipiga magoti palepale kwenye theluji akasema, "Ni mimi. Nilikuwa nakimbia." Inspekta alipima alama za matairi, akapiga hesabu, akapata zaidi ya kilomita sitini kwa saa mahali pa arobaini. Kesho saa tatu asubuhi Renji angekuja kusaini maelezo. Baada ya hapo ni mwendesha mashtaka, na nyuma ya mwendesha mashtaka leseni, kazi, na pengine jela. Nyumbani alikuwa na mtoto ambaye hajaota jino.

"Mama amepata fahamu vizuri tangu jana," Naoto alisema. "Ameniagiza niwaletee neno. Anasema kosa ni lake."

Orikasa alifunga macho kidogo. "Na yeye tena."

"Anasema mchanga ulikuwa umeganda ndani ya sanduku. Alimwaga nusu ya mteremko, akaona baridi, akaacha." Alisugua viganja vyake juu ya jiko. "Lakini mimi naona kosa ni langu. Nimemwachia theluji hii peke yake miaka yote."

"Subiri zamu yako, bwana. Foleni ni ndefu." Hakulisema kwa ukali. "Kuna lingine alilosema?"

"Lipo, ila sikulielewa. Mimi theluji naijua kwenye televisheni. Anasema alimwona dereva anazungusha usukani. Akaona hata magurudumu ya mbele yamegeukia kwenye ukingo. Lakini gari halikugeuka. Lilimjia moja kwa moja, magurudumu yameangalia kando, kama mtu anayeona haya kukutazama usoni."

Orikasa aliweka kalamu chini. "Yalikuwa yanazunguka, au yamesimama?"

"Sikumuuliza."

Alivuta simu, akapiga wodini. Nesi alilalamika, kisha sauti nyembamba ikasikika.

"Bibi Anzai, ni Orikasa wa polisi. Yale magurudumu yaliyogeuka, yalikuwa yanazunguka?"

"Hayakuzunguka, mwanangu. Ile nembo ya katikati ilikuwa imesimama wima, ninaiona hivi. Nikajiambia, ala, gari limesimama na bado linakuja." Alikohoa. "Sasa nani anamwaga mchanga?"

"Ondoa wasiwasi, bibi. Nitamwaga mimi."

"Watu husema tu. Watoto wanapita saa moja na nusu."

"Nimesema nitamwaga."

"Haya. Na baba yake yule kijana, hajambo? Kijana alikuja na mkewe, wakainama mpaka nikawaonea huruma. Mzee sijamwona. Labda ng'ombe wanazaa."

Orikasa alirudisha simu mahali pake taratibu. Katika mji huu mtoto akivunja hata kioo cha jirani, baba ndiye anayetangulia kuinama. Hachiya Tokuzo, baba yake Renji, hakuwa ametangulia wala kufuata.

"Kuna nini?" Naoto aliuliza. "Gurudumu kusimama ni ajabu? Si alikanyaga breki?"

"Gari lile lina ABS. Ukikanyaga kwenye barafu, mtambo hushika na kuachia, hushika na kuachia, mpaka pedali inatetemeka mguuni kama moyo wa sungura. Gurudumu halifungi. Gari linaweza lisisimame mapema, maana barafu ni barafu, lakini linakusikiliza ukiligeuza. Gurudumu likifunga kabisa, zungusha usukani mpaka uchoke. Litakwenda linakotaka lenyewe."

"Breki zilikaguliwa," Tarumi alisema bila kuinua kichwa.

"Ilikaguliwa pedali. Yakakaguliwa matairi."

"Mtu amekiri mwenyewe, Orikasa. Unataka kumkatalia?"

"Nataka kujua anakiri nini."

*

Kigari cheupe kilikuwa katika banda nyuma ya kituo, taa moja imevunjika, waipa zimeinuliwa juu zisigandie kwenye kioo. Orikasa alimwita Ebisawa, mwenye gereji iliyokuwa ikikihudumia. Alikuja upesi kuliko alivyotegemewa, na kabla hajavua kofia alianza.

"Afande, tangu Ijumaa sipati usingizi. Yale matairi ya theluji nilimfungia mwezi wa kumi na moja, na yalikuwa yameshatumika. Raba ya zamani inakuwa ngumu. Nikamwambia yatamaliza baridi hii. Ningemwambia anunue mapya, leo bibi wa watu angekuwa mteremkoni na bendera yake."

"Nani amekuuliza habari za matairi?"

"Hakuna."

"Basi pumua." Orikasa alichuchumaa, akabonyeza raba kwa kidole gumba. Iliingia ndani, ikarudi. Akatumbukiza kipimo kwenye mtaro wa tairi, akamwonyesha. "Bado ni mazima. Hata wewe unajua ni mazima."

"Najua. Lakini usiku sijui."

Orikasa aliingia upande wa dereva. Kwenye kioo cha kati ilining'inia hirizi ya kitambaa chekundu, ya kuomba safari salama. Ya pili, ya stika, ilikuwa imebandikwa ndani, juu ya kioo cha dashibodi, pembeni kushoto mwa mshale wa mwendo. Mara ya kwanza alipokagua gari hili aliiona, na macho yakapita. Kila gari la wilaya hii lina hirizi.

"Wewe yako umeibandika wapi, Ebisawa?"

"Kioo cha nyuma. Kila mtu huibandika nyuma, ili anayekufuata naye akumbuke mungu."

"Na hii?"

Ebisawa alichungulia. "Watu wa dini sana hawa. Wameiweka juu ya..."

Orikasa alipiga picha kwanza. Kisha akaipulizia pumzi mpaka gundi ikalegea, akaibandua kwa ukucha, akaiingiza kwenye mfuko wa plastiki. Chini ya jina la hekalu palikuwa na mchoro wa mnyama wa mwaka huu, maana kwa kalenda yao kila mwaka una mnyama wake. Hekaluni, stika za mnyama wa mwaka hutolewa usiku wa mwaka mpya, si kabla.

"Washa."

Ebisawa alipitisha mkono, akazungusha ufunguo. Taa zote ndogo za dashibodi ziliwaka pamoja, zikazima moja baada ya nyingine. Moja haikuzima. Ilikuwa ya njano, yenye herufi tatu, mahali palepale pa hirizi.

Ebisawa alizunguka mbele, akafungua boneti, akafungua kisanduku cha fyuzi. Katika safu ya fyuzi palikuwa na tundu moja tupu, la ABS, safi, kama pengo la jino lililong'olewa na daktari.

"Afande, mimi sikuitoa."

"Sikusema umeitoa."

"Lakini ni mimi niliyelifungua gari hili mara ya mwisho."

"Ulilifungua mwezi wa kumi na moja, na stika ni ya mwaka mpya. Tena fundi akitaka kuficha taa angeitoa balbu yake. Aliyefanya hivi anajua fyuzi iko wapi, lakini hajui kufungua dashibodi." Orikasa aliangalia ule mfuko wa plastiki. "Na alikuwa anamwombea dereva mema."

*

Orikasa alimkuta Renji akipanga makreti kwenye ghala la kiwanda cha maziwa. Alikuwa ameomba apewe kazi ambayo haihusu gari lolote, hata toroli la injini. Alipomwona Orikasa alivua glovu na kusimama wima, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Nisaini leo?"

"Bado kesho. Nataka unijibu jambo moja. Ulipokanyaga breki, pedali ilitetemeka?"

Alifikiri. "Hapana. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilidhani mguu wangu ndio umekufa ganzi."

"Ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

"Sitini na kitu."

"Uliuona mshale kwenye sitini na kitu?"

"Sikuutazama. Nilijua niko arobaini, arobaini na kidogo, kama siku zote. Lakini Inspekta alisema hesabu inatoa zaidi ya sitini. Nikasema basi ni sitini." Aliangalia glovu zake. "Nimemvunja mtu nyonga, afande. Nisimame hapo nibishane na hesabu?"

"Palepale kwenye theluji ulisema ulikuwa unakimbia. Hesabu ilikuwa bado."

"Kama nilikuwa sikimbii, mbona sikusimama?"

Orikasa aliliacha hilo. Alitoa mfuko wa plastiki. "Hii nani aliiweka?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Renji ulilegea. "Baba. Aliileta kutoka hekaluni mwaka mpya, akaibandika mwenyewe. Nikamwambia, mzee, hapo si mahali pake. Akasema mungu huona vizuri zaidi akiwa karibu na usukani. Baba hana mizaha, kwa hiyo nilicheka siku nzima." Kisha akauliza, "Kwa nini umeibandua?"

"Nitaeleza kesho," Orikasa alisema.

*

Barabara ya kwa Hachiya haikuwa imepitiwa na greda. Theluji ilikuwa laini, imefika kwenye vifundo, na njia ilijulikana kwa nguzo za alama tu. Orikasa alikanyaga breki taratibu mbele ya lango. Pedali ilitetemeka, gari likaendelea kuteleza polepole kuliko alivyotaka, likasimama limepita lango. Alikaa kidogo akitazama nyuma kwenye kioo. Halafu akashuka.

Hachiya Tokuzo alikuwa akisukuma theluji mlangoni mwa zizi kwa sepeto pana. Alikuwa mzee mrefu, uso umekauka kwa upepo.

"Renji yuko kazini," alisema.

"Nimetoka kwake. Nimekuja kumsalimu marehemu mkeo, kama utaniruhusu."

Mzee alitazama mlango wa nyumba, kisha akaegemeza sepeto ukutani. Mgeni akiomba kumwashia marehemu ubani, hakuna nyumba inayokataa. "Karibu," alisema mwishowe. "Ndani hakujapangwa."

Chumba kilinukia mafuta ya taa na majani makavu. Orikasa alipiga magoti mbele ya kabati dogo la kumkumbukia marehemu, akawasha kijiti cha ubani, akakunja mikono. Mbele ya picha ya mama mwenye shavu la duara palikuwa na kikombe cha chai, na sahani yenye chenza. Kando ya chenza ilikuwapo fyuzi ndogo ya plastiki ya kijani.

Alimaliza sala yake kwanza. Alipogeuka, mzee alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali pa mgeni, si pa mwenye nyumba.

"Umemwambia mkeo," Orikasa alisema.

"Yeye ndiye mtu pekee niliyeweza."

"Niambie na mimi, mzee."

Tokuzo alizungumza akitazama mkeka. "Baridi iliyopita nililiendesha gari hilohilo kwenye barabara yetu. Nikakanyaga breki kona ya mfereji. Pedali ikaanza kutapatapa, gari likawa linaachia, linaachia, kama mtu anayebishana nawe. Likanitupa mferejini. Zamani, kwenye lori la maziwa, ukikanyaga magurudumu yakafunga, yalikuwa yanakusanya theluji mbele yake mpaka inakuwa kabari. Unasimama. Nilikuwa nakosea, afande?"

"Kwenye barabara yako, kwenye theluji laini kama ya leo, hukukosea. Hata mimi nimelipita lango lako."

"Na kwenye mteremko wa shule?"

"Pale mabasi yanaikanyaga theluji mpaka inang'aa kama kioo cha saa. Hakuna cha kujenga kabari. Gurudumu likifunga, limekuwa ubao wa kuteleza, na usukani ni pambo."

"Najua ni barafu," mzee alisema. "Nimezaliwa hapa. Mtu asiniambie kwamba sikujua. Nilifikiria njia yetu tu. Mtoto anatoka kazini giza limeingia, mfereji uko palepale. Nikaifikiria njia anayorudia. Ile anayoendea sikuifikiria."

Maji yaliyokuwa yakichemka juu ya jiko yalimwagikia pembeni. Hakuna aliyeinuka.

"Ukaitoa fyuzi. Taa ikawaka, ukaifunika kwa hirizi."

"Angeiona angepeleka gari kwa Ebisawa, nao wangeirudisha. Niliona hirizi haitafanya ubaya. Ni hirizi." Alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Siku ile jioni akaniambia, baba, mguu wangu haukukanyaga vizuri. Nikamwangalia. Nikasema, kula kwanza."

"Hospitali hukwenda."

"Nilikwenda. Ile milango inafunguka yenyewe ukikaribia. Ikafunguka. Nikarudi nyumbani."

Orikasa alipiga picha sahani na fyuzi, kisha akaichukua kwa kibano. Mahali ilipokuwa palibaki alama ndogo kwenye vumbi la ubani.

"Inabidi twende kituoni, mzee."

"Nitakwenda. Lakini nipe mpaka kesho asubuhi. Nataka nimwambie mwenyewe. Akisikia kutoka kwenu, atakuwa na baba aliyekamatwa tu. Usimpigie simu. Kesho, kabla hajasaini, nitakuja naye."

"Ukimwambia, huenda asikuite baba tena."

"Najua."

"Na mwendesha mashtaka atakuandika wewe."

"Aandike."

Orikasa alitazama picha ya mama mwenye shavu la duara, kana kwamba naye anangoja kusikia. "Sitampigia," alisema. "Kesho, mzee."

*

"Umemwacha nyumbani?" Tarumi alisukuma kiti nyuma. "Mzee wa umri ule, hatia imemkaba shingoni, na ghala lililojaa kamba za ng'ombe, wewe umemwacha nyumbani?"

"Fyuzi ninayo. Stika ninayo. Picha ninazo."

"Mzee je, unaye?"

"Ametoa neno."

"Neno." Tarumi alilitamka kama mtu anayetema kokwa. "Kesho saa tatu asipoonekana, nitaandika kwamba ulimwacha mshukiwa kwa sababu ya neno. Cheo chako cha mwezi wa tatu kisahau. Na hilo ndilo dogo."

"Andika." Orikasa aliweka karatasi ya hesabu mbele yake. "Ila kwanza tazama hapa. Ulipopima alama, ulihesabu kama ABS inafanya kazi. Tairi lililofunga kwenye barafu iliyosuguliwa linashika kidogo kuliko hivyo. Alama ndefu si lazima iwe mwendo mkubwa. Nimerudia hesabu."

Tarumi aliisoma. Akachukua kalamu, akairudia mwenyewe kando ya karatasi, akafuta, akairudia tena. Jibu halikubadilika. Lilikuwa arobaini na kidogo.

"Mimi ndiye niliyemwambia yule kijana sitini," alisema baadaye. "Nilimwambia mbele ya mkewe."

"Karibu, Inspekta. Tupo wengi."

Hakucheka. Alipotoka kwenda nyumbani aliiacha simu ya kituo karibu na mkono wa Orikasa. Ilikuwa inawezekana kupiga kwa Hachiya na kusikia tu kama mzee anapokea. Orikasa aliisogeza simu upande wa pili wa meza.

*

Asubuhi theluji ilikuwa imeanguka juu ya barafu, nyembamba, mbaya kuliko barafu tupu kwa sababu inaificha. Orikasa alifika kwenye mteremko kabla ya watoto. Mchanga kwenye sanduku la kijani ulikuwa umeganda tena. Aliupiga kwa ncha ya koleo mpaka ukavunjika, akaujaza kwenye chupa za plastiki, akaanza kumwaga kuanzia juu.

Naoto alikuja akishika ukuta. Safari hii alikuwa na buti za kuazima, kubwa kuliko miguu yake.

"Mama amenituma nihakikishe."

"Mwambie umehakikisha. Shika chupa. Tembea kama bata, uzito juu ya mguu wa mbele."

Walimwaga pamoja. Watoto wakapita na mikoba yao, wakimtazama polisi anayetupa mchanga kama anayewalisha kuku, wakavuka. Barabara ikawa tupu. Orikasa alitazama upande wa mashamba. Zilionekana nguzo za alama tu, na mishale yake myekundu ikielekea chini kuonyesha ukingo wa barabara.

"Unangoja mtu?" Naoto aliuliza.

"Ndiyo."

"Atakuja?"

Orikasa alijaza chupa nyingine.

Walitokea pale ambapo nguzo zinapinda. Mzee alikuwa mbele, kichwa wazi, kofia mkononi. Nyuma yake, mbali kiasi cha mtu asiyetaka kuonekana ameongozana na mwingine, alikuja Renji. Walikuwa wametembea njia yote kutoka shambani, na theluji ilikuwa imejaa mabegani mwa wote wawili kwa kiasi kilekile. Macho ya Renji yalikuwa yamevimba. Aliinama kwa Orikasa, akasimama kando ya sanduku la mchanga akiipa njia mgongo.

"Nimemwambia," Tokuzo alisema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Tangu nimwambie hajafungua mdomo."

"Huyu ni mtoto wa Bibi Anzai," Orikasa alisema, kwa sababu hapakuwa na namna ya kutolisema.

Mzee alimtazama Naoto. Kisha akapiga magoti juu ya barafu, akaweka viganja chini, akainamisha kichwa mpaka nywele zake nyeupe zikagusa mchanga. Hakutaja njia ya shamba, wala mfereji, wala hirizi. "Ni mimi," alisema. "Si yeye. Ni mimi."

Naoto alibaki na chupa mkononi. Mwishowe alichuchumaa kwa shida ndani ya zile buti.

"Mama anauliza kama ng'ombe wako wanazaa," alisema. "Anasema labda ndiyo maana hujaja." Alifuta mchanga kwenye chupa. "Mimi sijui nikuambie nini, mzee. Kwenye msamaha sijafika bado. Lakini hapa chini hakujamwagwa mchanga, na wewe uko magotini." Akampa ile chupa.

Tokuzo aliinuka kwa kushika nguzo. Alianza kushuka akimwaga, mchanga ukidondoka kwa mafungu mafungu. Katikati ya mteremko, palepale ambapo bendera ya njano ilikuwa imepatikana, buti lake liliukosa mchanga. Mguu ulikwenda. Kofia ilidondoka ikateleza peke yake hadi chini.

Renji alimwahi. Aliukamata mkono wa koti, akaushikilia, wote wawili wakiwa wameinama, mpaka miguu ya mzee ikapata pa kukaa. Kisha akauachia. Hakumtazama. Alichukua chupa mkononi mwake, akatangulia mbele akimwaga, polepole, bila kuruka hata mahali pamoja, na nyuma yake ikabaki njia ya kahawia inayomtosha mtu mmoja kupita.

Mzee aliifuata mpaka chini, kisha akaendelea mpaka kwenye mlango wa kituo. Ilikuwa bado haijafika saa tatu.